Kina cha Kupotea

Saa tano kasorobo, Masese. Mtumbwi umetia nanga
juu ya mwamba usiokuwemo kwenye ramani.
Kagoya ameshika daftari, mimi kamba.
Sahani ni ya bati: robo nyeupe, robo nyeusi,
nyeupe tena, nyeusi tena,
imepakwa rangi iliyosalia walipopaka shule.
Naishusha upande wa kivuli,
bila miwani, kama kanuni inavyotaka.

Fundo la kwanza. Inaonekana.
La pili. Inaonekana, lakini imeingia umanjano,
kama jino.
Kati ya la pili na la tatu,
hapo.
Hapana, ngoja.
Hapo.

"Moja nukta mbili."
Kisha navuta taratibu mpaka irudi,
maana sharti ni kupima mara mbili,
inapozama machoni na inapozuka,
ukweli ukatwe katikati.

Kitabu chetu cha mafunzo kilitungwa na watu wa bahari.
Kimejaa picha za matumbawe.
Kinasema nyekundu ndiyo hufa kwanza,
buluu hushuka mbali, peke yake.
Kagoya ameukata mstari huo kwa kalamu,
akaandika pembeni: Si kwetu.

Kwetu buluu hutangulia kuzimika.
Chini hubaki chai ya rangi,
na ndani ya chai hiyo furu dume wa buluu
anajipamba bure.
Jike anapita mbele ya jiwe lake,
anamwona sawa na jirani,
na jirani anamwona sawa na jiwe.
Anachagua, naam, atafanyaje,
na watoto wanatoka rangi ya majivu.

Kamba hii ilikuwa ya Tibenkana.
Miaka ishirini na sita, kila Jumanne,
tarakimu zake zimesimama wima kama askari wa magereza.
Mita mbili na robo. Mbili. Moja na nusu.
Ukurasa wa mwisho: sentimita themanini.
Nikachora grafu. Nikaipeleka Entebbe.
Watu waliovaa tai wakatikisa vichwa,
wakasema ziwa linakufa, wakaenda kula.

Nikampelekea na mwenyewe, nyumbani kwake Walukuba,
nikidhani nampelekea zawadi.
Aliipokea karatasi, akaishika juu chini,
akaisifu.

Mtoto wa jicho. Macho yote mawili.
"Tangu lini?" nikamuuliza.
"Ningejua lini, ningekuambia. Giza halitumi barua."
Akaniuliza kama bado nashusha upande wa kivuli.
Nikasema ndiyo.
Akasema basi, kunywa chai.

Nilirudi kwa miguu hadi stendi
na ule mstari unaoporomoka mfukoni.
Ndani yake kuna ziwa linalozidi matope,
na kuna mwanamume mmoja anayefungwa pazia kidogo kidogo,
juu ya maji, kila Jumanne,
akiandika kwa uaminifu alichokiona.
Nani atawatenganisha?

Sasa tuna kipima-nuru cha umeme,
kitufe cheupe ncha ya waya, hakina umri.
Kinahesabu chembe za jua zinazofika mwambani
na hakisemi ngoja.
Kagoya anakiamini. Mimi pia, siku za kazi.
Lakini sahani bado naishusha,
na kwenye daftari nimeongeza safu,
nyembamba, baada ya hali ya mawingu:
Jicho la nani.

Leo wingu linapita. Tunalisubiri limalize.
"Shika wewe," namwambia.
Ana miaka ishirini na tatu. Anainama,
msuko mmoja unagusa maji.
Fundo la pili linapita. Anaendelea.
Anaendelea.
"Hapo," anasema. "Moja nukta tatu tano."

Sentimita kumi na tano.
Ananitazama, kisha anaitazama kalamu.

"Andika," namwambia.
"Zote mbili.
Na majina."